Kiti cha Kando ya Josie

"Nuala, na Jumamosi sasa mumeo atakuwa anakwenda wapi?"

Breda Talty aliuliza hivyo akiwa upande wake wa ukuta wa mawe, kibanio cha nguo kimoja mkononi na kingine amekipachika kwenye mfuko wa aproni. Nuala Hehir alikuwa ameinamia beseni lake. Akainuka na shuka bichi mkononi. Kila neno alilisikia, ila maneno hayakumwingia kwa pamoja.

"Jumamosi? Si atakwenda kwa Tubridy, kama siku zote."

Uso wa Breda ukabadilika kama wa mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mna mtu.

"Eeh. Ndiyo. Bila shaka," akasema. "Mimi nami na mdomo wangu huu. Unaonaje, mvua itatupa nafasi zikauke hizi?"

"Breda, kwa nini asiende kwa Tubridy?"

"Nani kasema asiende? Mimi sikusema asiende. Hebu tazama kule baharini kulivyojifunga." Akaliokota kapu lake, nusu ya nguo zikiwa bado humo ndani mbichi, akaingia kwake na kufunga mlango.

Nuala akabaki na shuka lake, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Breda ni dada yake Fintan Moroney, na Fintan ndiye mpiga filimbi wa kwa Tubridy. Likitoka kwa Fintan, neno hulala kwa Breda kabla ya kwenda popote pengine. Hilo Nuala alilijua. Asilolijua ni neno lenyewe.

Kila Jumamosi jioni, kwa miaka ishirini na miwili, Donncha Hehir alikaa kwenye kiti cha kushoto kwa Josie Killeen katika baa ya Tubridy, hapo kijijini Kilcasheen. Josie alipiga fidla, Fintan filimbi, na mwingine yeyote aliyefika na chombo chake alijiunga. Donncha alipiga gitaa chini yao. Katika vikao vya namna hiyo mpiga gitaa ni kama mtu aliyeshika ngazi: hakuna anayemtazama, lakini akiondoa mikono, aliye juu anaanguka. Gitaa moja linatosha. Yakiwa mawili, yatagombana tu. Ndiyo maana kiti kile kina mwenyewe, na wote wanajua ni nani, na hakuna aliyewahi kulitamka.

*

Jioni ile Nuala alirudi kutoka jikoni kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, akamkuta Donncha amekwisha rudisha basi la shule na yuko mezani na gitaa. Binti yao Sorcha alikuwa anafanya hesabu akiwa amejiziba masikio kwa vidole gumba.

"Baba, huo wimbo una mwisho kweli?"

"Jazi haina mwisho, mwanangu. Unashuka tu kwenye kituo unachokitaka."

"Basi mimi nataka kushuka."

Donncha akacheka. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomchanganya Nuala. Tangu Pasaka, Jumapili mbili kwa mwezi, alikuwa akienda mjini Limerick kupiga na mzee mmoja wa piano na kijana wa ngoma katika ukumbi wa hoteli, na alikuwa akirudi amechangamka kama mtoto aliyetoka mashindanoni na kikombe. Nuala akaweka viazi motoni. Akauliza akiwa amempa mgongo, maana kwao maswali ya namna hiyo huulizwa hivyo.

"Jumamosi mnaanza saa ngapi?"

"Saa ile ile. Kwani?"

"Nauliza tu. Fintan hajakwambia kitu?"

"Fintan ananiambiaga nini zaidi ya mguu wake unaomuuma?"

Nuala akageuka kumtazama. Amekaa na mwanamume huyo miaka kumi na minane, na anajua akidanganya hukuna sikio. Hakukuna sikio. Lakini kuna watu hujidanganya wenyewe kwanza, na hapo sikio haliwashi. Akarudia viazi vyake. Je, anajua na anajikaza? Au kijiji kizima kinajua na yeye peke yake hajui? Alishindwa kuamua lipi ni baya zaidi.

*

Jumamosi hiyo Donncha alipiga kwa Tubridy kama siku zote, na hakuna aliyemwambia kitu. Jumapili baada ya Misa jibu likaja, ingawa halikuja kwa njia ya mtu kusema.

Watu wa Kilcasheen hawamwambii mwenye habari mbaya habari yake. Humwambia kila mtu mwingine, kisha huiacha imfikie yenyewe. Hivyo ndivyo walivyozoea, na kwa kawaida inafika. Safari hii kila mmoja alidhani mwenzake ameibeba, na wote walikuwa wamekuja kanisani kutoa pole.

Mke wa Tubridy alimshika Donncha mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ulitupa miaka mizuri, Donncha. Mungu akujalie huko."

"Amina," akasema Donncha, kwa sababu mtu akikuombea nje ya kanisa unaitikia.

Mwenye bucha akampiga bega na kumwambia hakuna jambo lisilo na mwisho. Hata padri, ambaye hajui wimbo hata mmoja, alimwuliza anajisikiaje kwa sauti ile anayotumia kwenye vitanda vya wagonjwa. Fintan Moroney alikuwa kwenye lango la makaburi. Alipowaona wanakuja akainama kufunga kamba ya kiatu, na Nuala akaona kwamba viatu vyake havina kamba.

Ndani ya gari Donncha akakaa na funguo mkononi.

"Nimekufa, nini? Wamenishika mikono kama nimemzika mama yangu mara ya pili."

Nuala akafungua kinywa, lakini Sorcha akamtangulia kutoka kiti cha nyuma.

"Si ni kwa sababu ya yule mpiga gitaa mpya."

"Mpiga gitaa gani?"

"Baba. Yule mwalimu kutoka Ennis. Gráinne Lillis. Anaanza kwa Tubridy Jumamosi hii." Sauti ya msichana ikapungua. "Kwenye basi wote wanajua. Nilidhani wewe ndiye uliyeacha. Walisema umeacha, umehamia kwenye jazi."

"Kwenye basi," akasema Donncha. "Basi ninaloliendesha mimi."

"Wewe husikii, umezoea kufungulia redio."

Akawasha gari. Walipofika kwenye njia ya kwao hakukata kona. Aliendelea kuendesha hadi barabara ilipoishia penye mchanga, akazima, wakakaa watatu wakitazama mawimbi kupitia kioo chenye mvua.  Kisha akawasha tena, akawarudisha nyumbani, na alikula chakula chake chote, nyama na kabichi na viazi, hata mchuzi akaufuta kwa mkate.

"Mwulize Josie," Nuala akamwambia.

"Mtu haulizi."

"Kwa nini haulizi?"

"Nitamwuliza nini? 'Josie, umenifukuza?' Akisema ndiyo, nifanye nini? Akisema hapana, nimemlazimisha. Mtu haulizi, Nuala."

*

Basi akaenda Nuala mwenyewe. Jumatano, siku yake ya mapumziko, alioka mikate miwili ya magadi, mmoja akauacha nyumbani na mwingine akaufunga kwa kitambaa, akapanda kilima hadi kwa Josie Killeen. Njiani alisali Rozari, lakini alichanganya mafumbo ya furaha na ya uchungu na ikabidi aanze upya penye lango.

Josie alikuwa na miaka sabini na minane, amefiwa na mkewe, na ana kuku sita. Alimkaribisha karibu na moto wa mboji, ule udongo mweusi unaokaushwa na kuchomwa kama kuni, akamimina chai nyeusi kama lami. Wakazungumza juu ya mbweha aliyekuja wakati kuku walikuwa saba. Wakazungumza juu ya upepo. Josie akauonja mkate.

"Mzuri. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa anaukausha kidogo."

"Alikuwa anausahau ndani ya jiko, Josie."

"Ndiyo maana nasema kidogo."

Nuala akangoja hadi kikombe cha pili. Hasira aliyopanda nayo kilima ilikuwa bado ipo, ila ilikuwa imeanza kupoa kama chai yenyewe, naye akaona asipoisema sasa hataisema kamwe.

"Josie, Donncha amekukosea nini?"

Mzee akaweka mkate chini. "Donncha? Hajanikosea hata siku moja."

"Basi mbona mmemtoa?"

"Nani kamtoa? Yeye ndiye aliyetoka."

"Hajatoka popote. Amekaa nyumbani kwangu anafuta sahani kwa mkate."

Josie akatikisa kichwa taratibu, kama anayemwelewesha mtoto. "Tangu Pasaka, Nuala. Mkono wake umehama. Mimi niko hapa, yeye yuko Limerick na wale wenzake. Naweka wimbo mezani, yeye anaunyunyizia vitu vyake vya ajabu, kama mtu aliyechoshwa na viazi vya mwenzake. Si kwamba namlaumu. Nyimbo zangu ni zile zile za baba yangu. Miaka ishirini na miwili! Hata mimi zinanichosha siku nyingine."

"Alikwambia amechoka?"

"Ana heshima mno, hawezi kusema. Na mtu mwenye heshima akichoka kukaa nawe, ni juu yako kumfungulia mlango. Nikamwambia Fintan: tafuta mwingine, taratibu, ili Donncha aende zake bila kuona haya."

"Bila kuona haya," Nuala akarudia. Akakumbuka ile mikono miwili ya mke wa Tubridy. "Na hukumwuliza. Josie, miaka yote hiyo mmekaa goti kwa goti, hamjawahi kuzungumza juu ya muziki?"

Mzee alionekana kushangaa kweli. "Tuzungumze nini? Tunazungumza juu ya mpira wa magongo. Na mvua."

"Unamtaka arudi?"

Josie akainuka kutia mboji motoni, ingawa moto ulikuwa unatosha. "Yule mwalimu anakuja kutoka mbali," akasema akiwa ameupa moto uso. "Amekwisha ahidiwa."

 Nuala akashuka kilima na kitambaa chake kitupu. Alikuwa amekuja kumkasirikia mtu, na sasa hakujua amkasirikie nani.

*

"Nimechoshwa? Mimi?"

Donncha alikuwa amesimama katikati ya jikoni, koti halijavuliwa. Nuala alikuwa amemweleza yote. Alidhani angeghadhibika kwamba alikwenda, lakini hilo alilipita kana kwamba hakulisikia.

"Amesema mkono wako umehama."

"Umehamia wapi? Nuala, kaa. Kaa hapo."

Akalichukua gitaa. 

"Unaviona vyuma hivi shingoni? Ukibana hapa inatoka sauti hii. Ukibana hapa, hii. Katikati yake gitaa halina kitu. Sasa kuna ule wimbo wa baba yake Josie. Akifika sehemu ya pili kuna sauti moja anaikanyaga katikati. Si juu, si chini. Fintan anasema ni uzee, kidole kinateleza. Si uzee! Anakanyaga pale pale kila mara, tangu nimjue. Baba yake alikuwa anakanyaga pale pale. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nampigia mshiko wa kawaida, nyuzi kadhaa kwa pamoja, na ninasikia kabisa kwamba nambana, kama mlango unaomfungia mtu kidole. Nilikuwa sijui la kufanya. Nikaenda Limerick. Nikakuta wale jamaa wanayo mishiko isiyoamua."

"Isiyoamua nini?"

"Haiamui! Haisemi juu wala chini. Inaacha nafasi." Akapiga mmoja. Kwa Nuala ulikuwa kama mtu aliyeingia chumbani na kusahau alichokifuata. "Huo. Huo ni wa Josie."

Nuala akamtazama mumewe. Hakujua acheke au alie.

"Donncha, umemwambia?"

"Nianzie wapi? 'Josie, nakisikia kidole chako'? Mzee wa umri ule?"

"Yeye anadhani umemchoka. Wewe ulikuwa unampisha. Ninyi wawili mnahitaji padri, si baa. Naenda kumwambia sasa hivi."

"Usithubutu." Akaliweka gitaa chini. Hapo ndipo ghadhabu ilipotoka. "Tayari ulikwenda mara moja na mkate. Ukienda mara ya pili, nitakuwa nimemtuma mke wangu akaniombee kiti. Heri nisipige tena."

"Basi utapiga wapi?"

"Limerick kuna kazi."

"Na Limerick ndiko unakotaka?"

 Mvua ilikuwa inapiga kwenye bati la ghala. "Sijui nilikuwa natafuta nini huko kama si cha kuleta huku," akasema, na akatoka kwenda kufunga banda ambalo lilikuwa limekwisha fungwa.

*

Jumamosi ikawa siku ya kubishana juu ya gitaa. Asipokwenda kabisa, watasema ni kweli ameacha. Akienda bila gitaa, ataonekana amekwenda kuwatazama kwa macho ya mtu aliyeonewa. Akienda nalo, ataonekana mwombaji. Sorcha akasema aende na kinanda, awachanganye wote. Mwishowe alikwenda nalo, akaliacha ndani ya gari, akafika mlangoni kwa Tubridy, akarudi kulichukua.

Baa ilikuwa na watu. Kwenye kona, karibu na moto, Josie alikuwa anapaka upinde wake ulimbo, Fintan yuko kulia kwake, na kushoto kwenye kile kiti alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele amezifunga nyuma, gitaa limelala mapajani. Mazungumzo yakashuka, kisha yakapanda kwa haraka kupita yalivyokuwa.

Donncha akaenda kaunta, akaliweka sanduku la gitaa miguuni. Tubridy akamimina bilauri ya bia nyeusi, na soda ya Nuala, akazisukuma mbele. Wanamuziki hawalipi kwa Tubridy. Mkono wa Donncha haukwenda mfukoni, kwa mazoea tu, na Tubridy akabaki amesimama, hajui aondoke au angoje, shingo inamwiva. Donncha akaelewa. Akatoa noti. Tubridy akaichukua, akamrudishia chenji sarafu moja moja, bila kumwangalia.

Gráinne Lillis alikuwa amesimama. "Wewe ndiye Donncha? Samahani, mimi niliambiwa... Njoo ukae, kaka. Hiki ni chako."

"Kaa, dada. Kaa tu. Nimekuja kunywa."

"Lakini mimi sikujua kwamba—"

"Tunaanza na ule wa haraka," Fintan akasema, na akajificha nyuma ya filimbi yake.

Wakapiga. Mwalimu alikuwa mpigaji mzuri, hilo hata Nuala alilisikia. Mkono wake ulikuwa safi, unafika pale unapotazamiwa, kama mtu anayetandika kitanda. Watu wakaanza kugonga miguu sakafuni. Donncha alikunywa polepole na kutazama chupa zilizopangwa rafuni. Nuala alimtazama yeye. Alijisemea: kumbe anaweza kustahimili. Labda ni kweli kwamba hakuna jambo lisilo na mwisho. Labda mimi ndiye niliyelikuza.

Kisha Josie akakaa wima kidogo, akafumba macho, na kuanza wimbo wa baba yake.

Sehemu ya kwanza ikapita. Sehemu ya pili ikaja, na ghafla bilauri ya Donncha ikasimama njiani, haikufika mdomoni wala haikurudi kaunta. Nuala hakuwa na sikio la muziki. Alikuwa ameusikia wimbo ule mamia ya mara, na sasa aliusikia mzuri tu, hata kuliko zamani. Lakini uso wa mumewe aliujua, na ulikuwa uso wa mtu aliyeona ndugu yake anavuliwa kofia barabarani. Wimbo ukazunguka, ukarudi pale pale. Donncha akafumba macho.

Ulipoisha watu walipiga makofi. Mwalimu akatabasamu, Fintan akafuta mdomo wa filimbi.

"Josie," akasema Donncha. Hakupaza sauti. "Umeibadilisha."

Makofi yakafa vipande vipande.

"Nimebadilisha nini?" Josie aliuliza.

"Ile ya sehemu ya pili. Umeipandisha juu."

"Donncha, jamani," akasema Fintan. "Si leo. Kunywa bia yako."

"Kaa kimya wewe, mwenye viatu visivyo na kamba," Nuala akamwambia, na akashtuka kwamba ni yeye aliyesema.

Josie alikuwa anatazama sakafu. "Nimefuata gitaa," akasema hatimaye. "Mgeni ametoka mbali. Huwezi kumwacha mgeni anahangaika peke yake. Ni adabu tu."

"Nimekosea wapi?" Gráinne aliuliza. Mashavu yalikuwa yamemwiva. "Nimepiga vibaya?"

"Hukukosea popote, dada," akasema Donncha. "Josie. Mimi mbona hukuwahi kunipandishia?"

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mambo ya namna hiyo hayasemwi Kilcasheen, na yakisemwa, hayasemwi mbele ya watu walioshika bilauri. Mtu mmoja karibu na mlango alicheka, akaacha. Tubridy alikuwa anafuta glasi kavu.

"Wewe," akasema Josie, na akakohoa. "Wewe nilidhani huisikii."

"Nimeisikia kila Jumamosi."

"Na hayo mavitu yako ya Limerick?"

"Ni ya kuipisha ipite."

Josie akainua uso. Alimtazama Donncha muda mrefu, na Nuala, aliyezoea kuwasoma wazee wanaoshindwa kusema wanachotaka, akajaribu kuusoma uso ule na hakuambulia kitu. Ilikuwa aibu? Ilikuwa hasira? Akafikiri: Mungu wangu, tumemvua nguo mzee wa watu mbele ya kijiji. Akatamani kumshika Donncha mkono na kumtoa nje. 

Mzee akaulegeza upinde wake, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Akailaza fidla ndani ya sanduku, akaifunika na kitambaa, akabana vifungo viwili. Saa ilikuwa bado mapema, na hakuna aliyewahi kumwona Josie Killeen akifunga sanduku kabla ya Tubridy kuzima taa. Akamgeukia mwalimu.

"Umepiga vizuri sana, mwanangu. Hakuna wa kukusahihisha hapa."

Gráinne akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga, bila kujua amesifiwa au ameagwa.

Josie akavaa kofia yake. Akaja moja kwa moja kuelekea kaunta, na watu wakampisha. Donncha akateremka kwenye stuli, akasimama kama anayengoja kupigwa. Mzee hakumtazama. Akashika ukingo wa kaunta, akainama kwa shida, magoti yakalia, na alipoinuka alikuwa na sanduku la gitaa la Donncha katika mkono wa pili.

"Josie, hilo ni la—" Tubridy alianza.

Alikuwa amekwisha fika mlangoni. Hapo akasimama, fidla mkono huu na gitaa mkono huu, uso karibu na mbao, maana hakuwa na mkono wa kufungulia. Donncha hakusogea, alikuwa kama amepigiliwa misumari. Hakuna mwingine aliyesogea. Nuala akainuka, akapita katikati ya viti, akavuta mlango, na upepo ukaingia na mvua yake. Josie akageuza mabega ili masanduku yote mawili yapite bila kugonga, akatoka, akashika njia ya kwake kilimani, na Nuala akaelewa kwamba mtu habebi gitaa la mwenzake hadi nyumbani kwake kama hataki mwenyewe alifuate.